Kichwa Dirishani

Sista wa zamu alishamwambia binti wa mgonjwa mara mbili asimame upande wa kushoto wa kitanda, kwa sababu upande wa kulia mzee haoni kitu. Si macho yaliyoharibika, alieleza, ni ubongo. Chochote kilichoko kulia, awe mtu, kiwe kikombe, hata mkono wake mwenyewe, kwa mzee hakipo. Binti aliitikia kwa heshima zote, "Sawa sista, asante," na sista alipogeuka tu, akarudi kulia. Alimfuta baba yake mate kutokea kulia. Alimgeuza kutokea kulia. Alipobadilisha shuka alijipinda mpaka mgongo ukamlia, mradi asipite mbele ya macho yale mawili yaliyokuwa wazi. Wodini wakadhani ni mzito wa kuelewa, maskini, kwa uchovu. Hakuwa mzito wa kuelewa. Alikuwa anajificha.

Kumficha baba yako uso wakati umesimama hatua moja kutoka kwenye mto wake ni aibu isiyo na mfano, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Baba huyo alikuwa fundi wa kufuli. Duka lao lilikuwa na upana wa mlango mmoja na dirisha moja, limebanwa kati ya muuza viatu na kinyozi: mashine ya kuchonga funguo, jiliwa la kubania, ukuta mzima wa funguo ambazo hazijakatwa meno, na vumbi la shaba lililoingia mpaka kwenye chai. Binti alikuwa mwenzake wa kazi. Wateja walimwita Fundi Mdogo, ingawa miaka arobaini alishaivuka na kufuli sugu zote aliachiwa yeye. Mzee mwenyewe siku hizi alikuwa fundi wa soga zaidi kuliko wa kufuli. Kiti chake alikiweka dirishani makusudi, na kila aliyepita lazima apate lake: huyu leo kavaa viatu vya kaka yake, yule anatembea haraka kwa kuwa anadaiwa na kinyozi. Binti akijisahau akasimama mbele ya dirisha, mzee alimsukuma kiunoni kwa mgongo wa mkono. "Sogea, wewe si kioo. Baba yako ni fundi kufuli, si fundi vioo."

Tena alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka watu wakaikinai. Mtu akizungumzia ugonjwa au uzee au kifo, mzee alijibu vilevile: "Mimi hata nikibaki kichwa tu, msinizike. Kiwekeni dirishani kione wapita njia." Aliisema kwa wateja, akaisema kwa kinyozi, akaisema hata kwenye msiba wa mkewe, na waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi. Haikuwa mzaha mtupu. Mzee alipenda kuishi kama watoto wanavyopenda maji, na hakuona haya kuonyesha.

Mkewe, mama wa binti huyu, alikaa kitandani miaka saba baada ya kiharusi. Mzee alishinda dukani kutafuta riziki. Kaka mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Meneja tangu utotoni kwa jinsi alivyopenda kutuma wenzake, alikuwa mji mwingine akifanya kazi katika kampuni ya mabasi, na alipiga simu kila Jumapili bila kukosa. Kilichobaki kilimwangukia binti, na kilichobaki ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Kumgeuza mama mchana na usiku. Kuosha, kukausha, kupaka mafuta. Kupigana na vidonda vya mgongoni, ambavyo huanza kwa wekundu mdogo tu, na ukizembea kidogo unakuta kidole kinazama. Mchumba wake alingoja, akangoja, akachoka, akaoa kwingine, na mtu mwenye akili hawezi kumlaumu. Mama alipofariki binti alilia kwa uchungu wa kweli. Halafu akalala mchana kutwa, na alipoamka akajiapiza kimoyomoyo kwamba kazi ile hatairudia tena maishani mwake. Hakumwambia mtu.

Basi asubuhi moja mzee alikuwa akipiga tupa ufunguo wa mteja, tupa ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akacheka, na kicheko kikatokea upande mmoja wa mdomo. Alitaka kusema neno, likatoka rojorojo. Mteja naye akacheka, kwa kuwa mzee kwa utani alikuwa hajambo. Binti hakucheka. Sura ile alishaiona. Alizima mashine, akaita teksi, akambeba baba yake yeye na kinyozi, na duka la fundi kufuli likabaki wazi siku nzima bila kufuli.

Daktari aliyewapokea hospitali alikuwa bado kijana, mpole wa sauti, shati limemchomoka upande mmoja. Wauguzi walimtania kwa jina la Daktari Watu Mia, kwa sababu hakuweza kueleza jambo bila kuwaita watu mia waje wamsaidie. Baada ya picha ya kichwa alikuja akaketi kwenye benchi pamoja na binti, badala ya kusema naye akiwa amesimama.

"Dada, mshipa mkubwa upande wa kushoto wa ubongo umezibwa na donge la damu," alisema. "Dawa ya kuyeyusha donge ipo, na tumewahi. Ila dawa haichagui. Ubongo uliokosa damu, mishipa yake inalegea. Damu ikirudi inaweza kupasua, ikavuja kichwani. Sasa chukua watu mia wa kiharusi, nikiwapa dawa, watakaovuja vibaya ni watano, sita. Lakini mzee wako siwezi kumweka kwenye kundi hilo. Umri umekwenda, sukari iko juu, presha tumeishusha kwa kuibembeleza, kiharusi chenyewe ni kikubwa, na kwenye picha kuna mahali pameanza kufifia. Nikiyaweka yote pamoja, kwa watu mia walio kama yeye, ningesema kumi na watano. Na wakivuja, wengi wao hawaamki."

"Asipopewa je?"

"Asipopewa, mkono na mguu wa kulia sioni vikirudi. Kusema pia itakuwa shida. Atakuwa mtu wa kitandani."

"Na akipewa, isivuje?"

"Basi ana nafasi ya kutembea. Si kubwa, lakini ipo."

Swali lililofuata lilitoka kabla hajalipanga. "Hao wa kitandani, wanaishi muda gani?"

Daktari alidhani ni mapenzi yanayouliza, akajibu kwa upole zaidi. "Moyo wake una nguvu. Akitunzwa vizuri, miaka. Hata kumi."

Binti aliona godoro limerudishwa sebuleni, beseni chini yake, harufu ile ya dawa na mkojo ambayo haitoki kwenye pazia. Akajiona ana miaka hamsini na ushei, bado anageuza mtu. Na ndani yake kitu kikasema, wazi kabisa, kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka: apone au aende, lakini asibaki.

"Sasa hesabu yangu inafika hapa, haiendi mbele," daktari aliendelea. "Mimi ningeelekea kumpa, ila kwa hatari hii nisingemlazimisha mtu. Kuna watu wanaosema bora nibahatishe, kuliko kulala kitandani maisha yangu yote. Kuna wanaosema hata kitandani, mradi ninapumua. Mzee wako ni yupi? Amewahi kusema lolote?"

Kauli ya dirishani ilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Ilikuwa pale, nzima, na sauti ya mzee ndani yake. Ilikuwa jibu la swali lile, neno kwa neno.

"Hapana," alisema. "Hajawahi kusema."

"Wewe unaonaje?"

"Mpeni dawa."

Akatia saini, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Hilo nalo lilikuja kumuumiza baadaye.

Kwa saa chache dunia ilimpa zawadi. Vidole vya mzee vya mkono wa kulia vilicheza. Aliita jina la utani la kinyozi, likasikika. Binti alitoka nje akalia kwa furaha ukutani, akajiambia kwamba Mungu ameifunika dhambi yake na hakuna haja ya kuifukua. Jioni mzee akashika kichwa kwa mkono wa kushoto, akatapika, akanyamaza. Walimkimbiza kwenye picha nyingine. Daktari alimwonyesha: sehemu iliyokuwa kijivu asubuhi sasa ilikuwa na weupe mkubwa katikati. "Hii nyeupe yote ni damu," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

Mzee hakufa. Alilala, akalala, madaktari wakatingisha vichwa, kisha siku moja akafumbua macho, amekataa kwenda. Mkono wa kulia uliokuwa umeanza kucheza ulikuwa umekufa moja kwa moja. Maneno yalikuwa yamekwenda na maji. Chakula kilipita kwenye mpira wa puani. "Hasemi, lakini mengi anaelewa," daktari aliwaonya wote. "Tuongee mbele yake kama mbele ya mtu mzima." Ndipo binti alipohamia kulia.

Daktari alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya kazi zake. Alikonda usoni. Siku moja aliketi pembezoni mwa kitanda akasema, "Nimeirudia ile hesabu, dada. Kile kilichofifia kwenye picha nilikipa uzito mdogo. Ningekuambia ishirini na tano, pengine ungekataa. Naomba radhi."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Binti alikunjakunja taulo. "Hamna neno, daktari," alisema. "Ulifanya uwezavyo." Akamwachia mwanamume wa watu abebe mzigo ambao nusu ni wake na nusu ni wa mwingine, akaenda kubadilisha maji ya beseni.

Kisha Meneja akafika. Aliingia na begi la magurudumu na marashi ya safari, akaona mpira puani mwa baba yake, akalia kama mtoto. Tusimwonee, machozi yalikuwa ya kweli. Lakini yalipokauka alianza kutafuta wa kulaumu, na alimpata upesi. Alimvuta mdogo wake ukumbini.

"Nimeongea na mganga mkuu," alisema. "Anakuja mchana na huyo daktari wake. Wewe useme hakukueleza. Useme alikuharakisha. Wewe mambo ya ubongo ungeyajulia wapi? Sema hivyo tu, mengine niachie mimi. Kijana kama yule hatakiwi kushika sindano tena."

Binti alitazama viatu vya kaka yake, vilivyong'arishwa. "Alieleza," alisema.

"Alikueleza ukaelewa? Mdogo wangu, unaona baba alivyo? Hili si kosa lako, na mimi sitakubali ulibebe."

Alinyamaza, na kaka akaupokea ukimya ule kama ndiyo. Neno lile, si kosa lako, lilimwingia. Angetaka sana liwe kweli. Na kumbe lilikuwa linapatikana, bei yake ni daktari mmoja tu.

Mchana mganga mkuu alikuja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na Daktari Watu Mia nyuma yake. Walisimama kando ya kitanda kwa kuwa mzee alikuwa macho na mama yule aliona si adabu kumjadili mtu ukumbini wakati yupo. Binti alikuwa kulia, ameshika mto. Meneja alianza kwa utaratibu, akauliza hili na lile, na daktari akajibu kila kitu bila kujitetea. Watu mia, kumi na watano, presha, sukari. Mwisho Meneja akapandwa na hasira.

"Hesabu, hesabu. Ulijisumbua hata kuuliza baba mwenyewe angetaka nini? Maana hilo halihitaji hesabu. Muulize kinyozi. Muulize muuza viatu. Mzee huyu maisha yake yote anasema hata nikibaki kichwa tu, kiwekeni dirishani. Mtaa mzima unajua. Mtu kama huyo ndiye wa kumbahatishia?"

Daktari aligeuza kichwa taratibu akamtazama binti, na katika mtazamo ule binti aliona jambo linajipanga, kipande kwa kipande, mpaka likakamilika. Amejua. Swali aliuliza, jibu alipewa, na aliyempa yupo mbele yake ameshika mto.

"Daktari," mganga mkuu alisema. "Uliuliza?"

Daktari akashusha macho. "Pengine sikuuliza vizuri," alisema.

Mama yule alivua miwani. "Kama hukuuliza hilo, kijana wangu, basi kuhusu dawa hii tutakuwa na mazungumzo mengine. Mpaka hapo hutaitoa."

Jambo lilikuwa limekwisha. Meneja alivuta pumzi ya ushindi. Hakuna aliyemtazama binti tena, na hilo ndilo alilokuwa akiliomba kwa siku zote zile, asitazamwe. Angenyamaza kidogo tu zaidi, wangeondoka. Akauweka mto kitandani.

"Aliuliza," alisema.

Wakageuka.

"Aliuliza vizuri, waziwazi. Akaniambia kuna watu wa hivi na kuna watu wa hivi, mzee wako ni yupi. Nikamwambia hajawahi kusema."

"Ulisahau," Meneja alimwambia haraka. "Ulichanganyikiwa. Ni hali ya—"

"Sikusahau, kaka. Lilikuwa hapa mdomoni. Nililimeza." Sauti yake ilikuwa kavu kuliko alivyotegemea. "Nilimuuliza wa kitandani wanaishi muda gani, akasema hata miaka kumi. Mimi nikaona kumi ile siiwezi. Nilishafanya saba ya mama. Wewe ulikuwa unapiga simu Jumapili, na sikulaumu, ulikuwa na kazi. Ila mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Siku ile nilitaka baba apone au aende. Lolote kati ya hayo lingenifaa. Nilijua yeye mwenyewe angechagua nini, nikamchagulia kinyume. Daktari hana kosa hapo."

Meneja akaketi kwenye kiti cha wageni, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kiti kina ufa. Alikitazama kiganja chake, akakigeuza, akakitazama upande wa pili.

"Hata ungeniambia," daktari alisema kwa sauti ya chini, "sijui, dada. Huenda bado ningempa. Huenda angevuja vilevile."

"Wewe hujui. Mimi ninachokijua ni kwamba nilikuficha."

Mganga mkuu alirudisha miwani usoni. Alimgusa daktari begani, wakatoka pamoja bila kusema la zaidi, na kwa jinsi alivyomshika bega ilionekana wazi mazungumzo mengine yale hayatakuwepo. Walibaki watatu wa nyumba moja. Ndipo binti alipokumbuka kwamba baba yake alikuwa macho muda wote.

Mwishowe Meneja akauliza, bila kuinua kichwa, "Anageuzwaje?"

"Nani?"

"Baba. Nionyeshe anageuzwaje."

Binti hakuwahi kuulizwa hilo. Alitazama dirisha la wodi, lililokuwa mwisho wa chumba, mahali ambapo kitanda kimoja kilikuwa kimeondolewa tangu asubuhi. "Kwanza tumsogeze," alisema. "Shika huko miguuni."

Walifungua breki za magurudumu, wakasukuma. Sista alitokea mlangoni akitaka kugomba, akawatazama nyuso, akajifanya hamnazo. Walikiweka kitanda hivi kwamba dirisha liwe kushoto kwa mzee, upande ambao bado alikuwa na dunia. Chini kulikuwa na barabara ya kawaida tu: mwanamke anabishana na muuza matunda, mwanamume anafuta kiatu nyuma ya suruali kabla ya kuingia getini. Macho ya mzee yaliwafuata mmoja mmoja. Kitu fulani usoni mwake kililegea, upande ule uliobaki.

Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka, ukapapasa hewani, ukapapasa shuka, ukainuka tena.

"Anataka nini?" binti alinong'ona kutoka kulia.

"Anakutafuta wewe," Meneja alisema. "Tangu nifike anatafuta mtu. Nilidhani labda ananitafuta mimi. Zunguka huko."

Alizunguka. Njia ilikuwa fupi, kupita miguuni mwa kitanda tu. Akasimama kushoto, kati ya baba yake na dirisha, mwanga mgongoni. Mzee akamwona. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa yale macho yaliyokuwa yamesikia kila kitu, au yamesikia nusu, au hayakusikia neno; nani angejua. Binti alitamani kuinamisha uso. Hakuinamisha.

"Baba," alisema, "ni mimi. Nisamehe."

Mkono wa mzee ukasogea kwenye shuka mpaka ukamfikia. Mgongo wa mkono ule ukamgusa kiunoni, ukamsukuma, kwa nguvu kidogo zilizokuwepo. Alikuwa amemzibia dirisha. Binti akasogea pembeni kama alivyosogea maisha yake yote, na barabara ikaonekana tena.

Macho ya mzee yakarudi nje kwa wapita njia. Lakini mkono haukurudi kitandani. Ulikuwa umekamata upindo wa gauni lake, umeufumbata, na hata sista alipokuja kupima presha haukuachia, ikabidi apime huku binti amesimama palepale.